Maji Juu ya Makali

Mimi ni fundi cherehani, na mkasi wangu hauguswi na mtu. Mdogo wangu aliwahi kuukatia karatasi, nikamkemea mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Kwa hiyo nisijifanye sikujua nilichokuwa nafanya siku ile nilipochukua visu vitatu vya Mama, nikatoka navyo uani, nikayasugua makali yake kwenye ngazi ya saruji mpaka vikawa butu kama vijiko.

Nilifanya kwa mapenzi. Mama alikuwa amepigwa kiharusi, mkono wa kulia umelegea, naye amepika mgahawani miaka thelathini na hataki kusikia habari ya kupikiwa. Niliwaza: kisu butu hakimkati mtu. Alipolalamika kwamba visu havikati, nilimwambia vimezeeka. Alinitazama, kisha akautazama mkono wake.

Jumamosi iliyopita kisu kilimteleza juu ya kitunguu, kikampasua kidole gumba cha kushoto. Alishonwa nyuzi nne. Nikasema basi, kuanzia leo anayepika humu ni mimi. Mama hakubishana. Aliomba kitu kimoja tu: kisu chake kikubwa kipelekwe kwa mnoaji, na kikirudi na mkono wake bado ukashindwa kukitumia, atanikabidhi jiko kwa hiari yake. Nilikubali upesi. Wanoaji niliowajua mimi ni wale wa grenda: kelele nyingi, cheche nyingi, na baada ya wiki kisu ni kilekile.

Mnoaji tuliyeelekezwa alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye aproni ya mpira na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifanyia kazi kwenye chumba cha nyuma ya duka la misumari. Nilitafuta grenda kwa macho, sikuiona. Mezani palikuwa na jiwe la mviringo, pana kama sinia dogo, limesimama wima, na sehemu yake ya chini imezama kwenye beseni la maji.

Alikiinua kisu kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye makali.

"Hiki hakikuzeeka," alisema. "Kuna mtu kakisugua kwenye saruji, tena kwa bidii. Una adui nyumbani, mama?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia hapo, mbele ya mtu nisiyemjua.

"Ni mimi," nilisema. "Niliogopa atajikata."

Mama hakugeuka. Aliyenigeukia ni mnoaji.

"Dada, wewe unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Mkasi wako ukiwa butu inakuwaje?"

"Unatafuna kitambaa. Unakwenda unakotaka wenyewe." Nilijisikia nikiyasema hayo, na nikatamani kuyameza.

"Haya," alisema, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Kisu butu kinadai nguvu, na nguvu ndiyo mama hana. Akisukuma, kinateleza."

Akawasha mashine. Nilijiandaa kuziba masikio, lakini nilichosikia ni mvumo mdogo tu, kama wa mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Jiwe lilizunguka taratibu kiasi cha kuweza kuhesabu mizunguko yake, likipanda na maji na kushuka nayo. Hapakuwa na cheche, wala harufu ya chuma kilichoungua.

"Chuma kikipata moto sana kinalegea, na makali hayakai," alieleza. "Haya maji hayaupi moto nafasi." Akakiegemeza kisu cha Mama juu ya jiwe, makali yakiyapokea maji yanayokuja. "Usitazame kisu, dada. Tazama maji."

Nikatazama. Mwanzoni maji yalipita chini ya kisu, yakaenda zake. Kisha, mahali pamoja karibu na mpini, yakakosa njia. Yakapanda juu ya ubapa, membamba kama utando wa maziwa, yakatiririka upande wa pili.

"Pale yanapopanda, makali yamelala sawasawa kwenye jiwe," alisema. "Pale yanapopita chini, bado kuna mwanya."

Alikuwa akisogeza kisu polepole, na maji yakawa yanapanda, upana wa kidole kwa upana wa kidole, yakielekea nchani. Mikwaruzo yangu ya saruji ilikuwa ikifutika mbele ya macho yangu. Mwishowe kisu chote, kutoka mpinini hadi nchani, kilivikwa maji. Wahenga walisema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mimi siku ile nilibaki kwa Musa na sikuona haja ya kuendelea. Mama alikuwa amesogea karibu hadi matone yakamrukia usoni, na hakuyafuta.

Mnoaji akamalizia kwenye gurudumu la ngozi, kuondoa ule unyuzi wa chuma unaobaki pembeni mwa makali. Akakifuta kisu kwa kitambaa. Halafu akafungua mfuko wa chakula chake cha mchana, akatoa nyanya, akaiweka kwenye ubao mbele ya Mama.

"Usisukume, mama. Kiweke tu, ukivute."

Mama alikishika kwa mkono wa kulia, ule uliolegea. Vidole vitatu tu ndivyo vilivyokubali kukunjika. Akayaweka makali juu ya nyanya, akavuta kidogo, na kisu kikashuka kwa uzito wake wenyewe mpaka ubaoni, bila sauti. Akakata kipande cha pili, chembamba hata mistari ya ubao ikaonekana kupitia kwake. Ganda la nyanya halikukunjamana hata kidogo.

Nilingoja anigeukie aseme nimeshindwa. Nilikuwa tayari hata kwa matusi, na ningeyastahili. Mama alikiweka kisu chini, akauinua mkono wake wa kulia, akaugeuza mbele na nyuma, akiutazama.

"Kumbe si mkono," alisema.

"Nini, Mama?"

"Miezi mitatu, kila kisu kikikataa, mimi najua mkono unazidi kufa. Nilishaanza kuuaga, mwanangu."

Mnoaji akatoa nyanya nyingine, iliyokuwa ya mwisho mfukoni mwake, akaisukuma mbele ya Mama.

Mama akakishika tena kisu.

"Sogea," aliniambia. "Unaniziba mwanga."