Tela Lenye Taa Nyuma

Kwenda mbele Anuari hakuwa na shida. Pawatila yake, trekta dogo la magurudumu mawili, ilivuta tela lililojaa magunia ya korosho kutoka Nandagala mpaka ghalani, ikapita kwenye makorongo na kwenye mchanga, na watu wakasema yule kijana aliyetoka Likunja anajua kuendesha. Shida ilikuwa kurudi nyuma. Tela la pawatila ni kaidi. Ukikata kulia lenyewe linaelekea kushoto, ukilirekebisha linajikunja, na giza likishaingia dereva anabaki kubahatisha tu. Msimu uliopita alirudi nyuma uani jioni moja akaangusha ukuta wa jiko la mama mkwe wake.

Lingekuwa jiko la mtu mwingine, angeomba radhi, wangecheka, yangekwisha. Lakini Anuari alikuwa ameoa akahamia kwa wakwe, kama ilivyo desturi ya watu wa kwao. Nyumba aliyolala na mikorosho aliyoipalilia vilikuwa vya upande wa mkewe, Fauzia, na mkubwa wa mji ule alikuwa mama yake Fauzia, Bi Mwamina. Na mwanamume huko hamzoei mama mkwe wake. Hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia kando na kugeuza uso mpaka mwenzake apite. Wakiwa na neno la kuambiana, linapitia kwa Fauzia, hata kama wote watatu wako uani na kila mmoja amesikia. Mgeni anaweza kudhani wamegombana, kumbe ndiyo heshima yenyewe, na Anuari aliishika heshima hiyo kuliko hata vijana waliozaliwa Nandagala.

Kwa hiyo ukuta ulipoanguka, Bi Mwamina hakusema kitu. Alijifunika kanga akaingia ndani, na ule ukimya ulimuuma Anuari kuliko matusi. Akaujenga ukuta upya siku ambayo mama alikuwa shamba, na akaapa kwamba msimu mwingine hautamkuta na tela lisiloona.

Korosho zilipoanza kuanguka tena, akafunga safari ya Nachingwea, kwa fundi wa umeme wa magari aitwaye Jumanne. Jumanne alilizunguka tela, akalipiga teke la upendo, akauliza anataka taa za namna gani.

"Kali," alisema Anuari. "Nikirudi nyuma nione mpaka kwa jirani."

"Jirani amekukosea nini?"

Wakacheka. Jumanne akafunga taa mbili za pikipiki nyuma ya tela, moja kila pembe, akapitisha nyaya chini ya bodi, akazifunga na mpira zisikwaruzwe na mawe, akaweka betri ndogo chini ya kiti na swichi karibu na mkono wa dereva. Mwisho akachukua spana azielekeze taa chini kidogo.

"Za kurudia nyuma zinatakiwa zitazame ardhi," alisema. "Unatafuta shimo, unatafuta kisiki. Hutafuti ndege."

"Ziache hivyohivyo, fundi. Zitazame mbali."

Jumanne akarudisha spana mfukoni. Gari si lake.

Barabara ni ndefu na pawatila haina haraka, kwa hiyo Anuari aliingia Nandagala watu wakiwa wametoka kuswali magharibi. Angeweza kuliacha tela mbele ya nyumba mpaka asubuhi. Lakini magunia ya kupeleka ghalani yalikuwa uani, na tuseme ukweli, mtu akinunua kitu kipya hawezi kulala bila kukionyesha. Akamwita Fauzia atoke aone. Akaigeuza pawatila, akalipanga tela sawa na njia ya uani, akageuza shingo kutazama nyuma kama dereva yeyote anavyotakiwa, akabonyeza swichi.

Ua wote ukawa mweupe. Ukaonekana ukuta mpya wa jiko, yakaonekana magunia, akaonekana kuku juu ya kinu. Na nyuma ya jiko, palipokuwa na giza ambalo mtu angeweza kulitegemea maisha yake yote, akaonekana Bi Mwamina. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kanga ameipandisha mpaka mapajani, mguu mmoja ndani ya beseni.

Fauzia alipiga ukelele. Bi Mwamina akaivuta kanga, beseni likamwagika. Anuari akazima taa, akaruka chini, akakimbia barabarani bila viatu. Huko akakaa juu ya kisiki, na mtu angempitia asingejua kama analia au anacheka.

Asubuhi aliitwa mjomba wake Fauzia, Mzee Abdalah, mdogo wa Bi Mwamina, ambaye ndiye mwenye sauti katika mambo ya ukoo. Alikuwa mtu wa maneno makali na roho nyepesi. Alimkalisha Anuari kwenye mkeka akamuuliza mbele ya watu wazima wawili:

"Mkwe, jana uliona nini?"

Jibu la swali hilo kila mtu analijua. Wala haliulizwi ili mtu aseme alichokiona. Linaulizwa ili heshima ipate njia ya kurudi nyumbani.

"Mjomba, sikuona kitu," alisema Anuari. "Macho yangu yalikuwa chini."

"Hakuona kitu," Abdalah aliwatangazia wenzake, na wote wakashusha pumzi. Anuari akatoa kuku jike na kanga doti moja, vikapelekwa ndani, na jibu likaletwa na Fauzia kwamba mama amepokea, hana kinyongo. Siku hiyohiyo Anuari akazielekeza taa ardhini kwa spana ya kuazima. Yakaisha.

Kwa Anuari hayakuisha, kwa sababu aliona. Aliona mapaja ya mama mkwe wake, Mungu amsamehe, na hilo angeweza kulisahau kwa kujilazimisha. Alichoshindwa kusahau ni ule mguu. Ulikuwa umevimba mpaka gotini, unang'aa. Juu ya wayo kulikuwa na kidonda kilicho wazi, na vidole viwili vya pembeni vilikuwa vyeusi.

Sasa akaelewa kwa nini mama alianza kuvaa raba za kufunika msimu huu, na kwa nini alikuwa akioga wa mwisho. Akakumbuka pia habari za Zaina, dada mkubwa wa Bi Mwamina, aliyepelekwa hospitali na kidonda cha namna hiyo, akarudi na mguu mmoja, na hakumaliza mwaka. Mama anaogopa kukatwa, Anuari alijisemea. Anajitibu kwa maji ya chumvi gizani, na hakuna anayejua isipokuwa mimi ambaye sikuona kitu.

Akajaribu kupitia mlango wa nyuma. "Mama naona anachechemea," alimwambia Fauzia wakichambua korosho.

Fauzia aliinua uso. "Umejuaje? Baba Yunusi, siku hizi unamtazama mama anavyotembea?"

"Hapana. Nimesikia tu hatua zake."

"Basi usisikilize."

 Alichukua magunia, akapeleka ghalani, akarudi, akala, akalala vibaya. Kila asubuhi alijiambia leo nasema, na kila jioni alikuta heshima imekaa mlangoni imemzuia. Akisema, atakuwa mkwe aliyetazama, tena akadanganya mbele ya wazee. Watu wamerudishwa kwao kwa mambo madogo kuliko hayo. Na Anuari aliupenda ule mji, alimpenda mke wake, na mwanawe Yunusi ndiyo kwanza ameanza kutambaa.

Siku zikapita hivyo. Halafu asubuhi moja Bi Mwamina hakutoka kuokota korosho. Fauzia akasema mama ana homa, ameomba aachwe alale. Ilipofika saa nne Anuari aliiacha pawatila ikiunguruma peke yake chini ya mkorosho, akaenda mbio kwa Mzee Abdalah, akamkuta anatengeneza baiskeli.

"Mjomba, niliona."

"Uliona nini?"

"Usiku ule wa taa. Niliwaambia sikuona kitu. Niliona."

Abdalah aliiweka pampu chini. "Kijana, lile jambo tumelizika. Kuku ameliwa. Unalifukua la nini?"

"Mguu wa mama umeoza, mjomba. Vidole viwili ni vyeusi. Anaficha. Niliona vizuri kabisa, taa zilikuwa kali."

"Unajua kwamba ukishasema hivyo naweza kukuambia ukusanye vitu vyako urudi Likunja?"

"Najua. Nirudishe. Lakini kwanza kamwangalie."

Abdalah akaondoka bila kuaga, anatembea kwa hasira. Anuari alimfuata mpaka mwisho wa shamba akasimama hapo, mgongo akiuelekeza nyumbani. Alisikia Bi Mwamina akifoka, "Nani kakwambia? Nani?" Alisikia Abdalah akijibu kitu kwa sauti ya chini. Halafu akasikia Fauzia analia, na akajua raba imevuliwa.

Mchana huo tela liliwekewa godoro badala ya magunia, wakaenda Ruangwa hospitali. Bi Mwamina alikaa akitazama nyuma kule walikotoka, kajifunika gubigubi. Anuari aliendesha akitazama mbele, na katika njia ile yote hakugeuza shingo hata mara moja, ingawa kila tela liliporuka kwenye shimo alimsikia akiguna na moyo wake uliruka naye.

Ilikuwa sukari, alisema daktari, na mama hakujua kama anayo. Mguu wameuwahi. Vidole viwili hawakuviwahi. "Mngemleta juma moja kabla," alimwambia Abdalah, "hata hivyo vidole tungejaribu kuviokoa." Anuari alikuwa amesimama dirishani, akayasikia. Alihesabu moyoni siku alizokaa kimya, akaona aibu ambayo hajawahi kuiona, kubwa kuliko ile ya taa.

Bi Mwamina alirudi Nandagala mguu ukiwa na bandeji nyeupe na akili zake zote kichwani. Siku ya pili akaagiza aitwe Abdalah, akaagiza na mkwe asogee karibu asikie. Akakaa kwenye mkeka kibarazani. Anuari akasimama nyuma ya pembe ya nyumba, uso kwa ukuta. Begi lake dogo alikuwa ameshalipanga. Fauzia alisimama katikati, hajui ashike upande gani.

"Huyu kijana alitazama," alianza Abdalah. "Akasema uongo mbele yangu. Dada, mji ni wako. Sema neno."

Bi Mwamina hakuwa na haraka. Aliuweka vizuri mguu wake juu ya mto.

"Fauzia," alisema, "mwambie mume wako kwamba vidole vyangu viwili vimebaki Ruangwa."

"Amesikia, mama."

"Mwambie hivyo. Halafu mwambie, siku nyingine akiona, aseme siku hiyohiyo."