Siku Papa Bilali Alipohesabiwa Samaki

Wasomaji waheshimiwa, shule yetu ya bweni hapa Kisangani ina kompyuta moja yenye kadi ya picha, na mtu mmoja tu anayeielewa: Lydie, binti aliyetoka kijiji cha Yanonge. Aliandika programu ya kuhesabu samaki katika picha za mitego ya Wagenia, wavuvi wa maporomoko ya mto wetu. Kama angefanya vizuri siku ya maonyesho, angekwenda kwenye mashindano ya Kinshasa.

"Picha ni kubwa, inangoja kwenye kumbukumbu ya kadi," alinieleza. "Lakini namba ndogo, kama kiwango cha mwanga kinachotenganisha samaki na maji, haina haja ya kutengewa nafasi huko. Inasafiri pamoja na amri yenyewe. Ukishabonyeza, kadi imeshachukua nakala yake. Ukiibadilisha baadaye, unajisumbua."

Siku yenyewe alifungua picha iliyopigwa asubuhi. Kiwango kilikuwa bado sifuri. Alikuwa akipima mwanga ili aandike namba halisi, ndipo préfet, mkuu wetu mtukufu wa shule, aliposogeza tumbo lake mbele ya wageni.

"Bon, mutoto, acha papa yako abonyeze."

"Papa préfet, ngoja kido—"

Akabonyeza. Lydie akaandika namba sahihi upesi. Bure. Kadi ilikuwa imeondoka na sifuri, na kwa sifuri kila chenye mwanga hata kidogo ni samaki. Skrini yote ikawa nyeupe: maji samaki, mawe samaki, na mvuvi Papa Bilali, aliyesimama juu ya mtego wake, samaki mnene. Wageni wakacheka hadi machozi.

"Tubonyeze tena, papa. Sasa namba iko sawa."

"Machine imesema, alors! Twende tukale, pondu inapoa."

Mezani préfet akamtangaza mshindi Lionel, mtoto wa dada yake, aliyekuwa ametengeneza saa isiyokwenda. Nami nikatimiza wajibu wangu kwa taifa: nikambandika préfet samaki wa karatasi mgongoni. Akazunguka naye akiwapakulia wageni. Bweni zima lilicheka, isipokuwa Lydie.

"Na atakayepanda ndege ya Kinshasa ni nani?" akaniuliza.

Jumamosi Lionel akaja na flashi mkononi. "Tonton préfet amesema nibebe programu yako hadi Kinshasa. Namba inaandikwa wapi?"

Nikamkanyaga Lydie mguu ili anyamaze, mjinga aende na sifuri yake. Akauondoa mguu.

"Hapa," akamwonyesha. "Kabla ya kubonyeza. Sitaki Papa Bilali awe samaki hadi Kinshasa."