Kobe wa Bwana Tapsell

Siku ya kuhama, Janice Peckover alifika Aldbrook saa nne na nusu asubuhi, mumewe kando yake garini, lori la mizigo nyuma yao. Alikuwa na haraka, na sababu alikuwa nayo. Huko Aldbrook, mkoani Hertfordshire, kama kwingine Uingereza, nyumba hainunuliwi peke yake. Vijana fulani walikuwa wananunua fleti ya Janice kule London, Janice ananunua nyumba ya mzee Tapsell, mzee Tapsell anahamia kwenye makazi ya wazee mjini, na nyuma ya wale vijana kuna wengine tena wanaowasubiri wao watoke. Nyumba tano, na wote wanatakiwa kuhama siku hiyo hiyo, kabla ya saa saba mchana. Mmoja akikwama, wote wamekwama. Aliyebuni utaratibu huu simjui, ila nina hakika yeye mwenyewe hakuwahi kuhama.

Na Janice hakuwa na pa kurudi. Funguo za fleti alishaziacha kwa wakala. Fleti yenyewe ilikuwa ghorofa ya nne, lifti imekufa tangu Machi, na Ray, mumewe, alikuwa amepigwa na kiharusi Februari. Mtu aliyeendesha treni miaka thelathini, miezi minane anaiona dunia kupitia dirishani! Asubuhi ile wapakiaji wawili walimshusha ngazi kwa kumbeba, naye alifumba macho kwa aibu mpaka chini. Janice akajiapia kwamba mume wake hatabebwa tena. Nyumba ya Aldbrook haikuwa na ngazi hata moja, na mlango wa jikoni ulitokea moja kwa moja bustanini. Aliitaka nyumba ile mpaka akawa anaiota.

Mizigo ya mzee Tapsell ilishaondoka mapema. Kilichobaki ni mzee mwenyewe, miaka themanini na sita, amesimama mlangoni na koti na kofia, tochi mkononi, mchana kweupe.

"Samahani sana, Bi Peckover," akasema. "Kobe wangu, Percy, haonekani. Hujifukia bustanini kila baridi ikianza. Siwezi kuondoka bila yeye. Natumaini sikusumbui."

Moyo wa Janice ulikuwa unadunda hadi masikioni. Akatabasamu. "Hunisumbui hata kidogo, Bwana Tapsell. Hakuna haraka kabisa."

Hakuna haraka! Nimeishi na watu hawa miaka ishirini na zaidi, na bado wananishinda. Nyumba inaweza kuwaka moto, wakakwambia tu kwamba leo kuna kajoto.

Basi wakamtafuta kobe. Kev, mkuu wa wapakiaji, bonge la mtu mwenye shingo nyekundu, aliinama chini ya vichaka huku vijana wake wakifukua majani kwa mikono. Janice alipekua nyuma ya pipa la mbolea mpaka magoti yakalowa.

"Mzee," Kev akaita, "huyu kobe wako ana mbio kiasi gani?"

"Wakati wa joto, usimdharau."

"Huu ni Novemba, mzee wangu."

"Ndiyo maana nina wasiwasi," mzee akajibu, akamulika tochi chini ya benchi kwa mara ya nne.

Saa sita na robo mwanasheria wa Janice akapiga simu. "Nyumba iko tupu?"

"Bado kidogo tu."

"Bi Peckover, fedha siwezi kuziachia mpaka uniambie iko tupu. Tukipita saa saba, ni mpaka Jumatatu. Na wale vijana wako nje ya fleti yako na mtoto mchanga kwenye gari."

Janice akasema asante, akaomba radhi, akasema asante tena. Kisha akaenda kwenye gari. Ray alikuwa amekaa vilevile, blanketi magotini, amegeuza uso upande wa nyumba.

"Vipi?" Maneno ya Ray siku hizo yalitoka moja moja.

"Tumekaribia, mpenzi. Mzee anamtafuta kobe."

Nusu ya mdomo wa Ray ikacheka. Halafu ikaacha. "Mwambie," akasema. "Mwambie... mimi."

"Siwezi kumbwagia mzee wa watu shida zetu, Ray. Ana zake."

Janice akamrekebishia blanketi ambalo halikuhitaji kurekebishwa, akarudi ndani. Alitaka kulia, na kwa kuwa hakujua alilie wapi, akaamua kuchemsha chai. Birika alikuwa nalo mkobani, kama kila mwanamke wa kule anayehama, na paketi ya maziwa. Friji kubwa mzee alishaichukua, lakini ile ndogo chini ya kabati la jikoni ilikuwa yao kwa mujibu wa mkataba. Akainama, akaifungua ili aweke maziwa.

Ndani kulikuwa na boksi moja la plastiki lenye matundu. Juu yake, kipima joto na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa kizamani: PERCY. ASIAMSHWE KABLA YA MACHI.

Janice alijua kwamba siku hizi watu huwalaza kobe wao kwenye friji miezi ya baridi, ili baridi yao isipande wala isishuke. Akafunua kifuniko. Kobe huyo hapo, amelala fofofo kwenye udongo, kichwa ndani, hana habari na mtu. Udongo ulikuwa umekauka juu. Amelazwa humo wiki nzima au zaidi.

Mzee amewadanganya! Hasira ilimpanda Janice. Watu wanatambaa kwenye matope, mtoto mchanga yuko barabarani, Ray yuko garini, na huyu anamulika tochi chini ya benchi! Akageuka amwite kwa sauti, na mzee alikuwa ameshasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Umemwona," mzee akasema.

"Nimemwona. Bwana Tapsell, kwa nini?"

Mzee akatazama sakafu. "Kule ninakohamia hawaruhusu wanyama. Waliniambia tangu Agosti. Nikasema nitawaomba wenye nyumba wapya wanitunzie. Ulipokuja Septemba nilikuwa nimejiandaa kabisa. Ukaanza kuyasifu mawaridi, ukawa mwema mno, nikaona haya. Huyu mama hanijui, nitamtwishaje kobe?" Akaigeuzageuza kofia. "Alikuwa wa Marjorie, marehemu mke wangu. Alipewa akiwa na miaka tisa. Kila nilipofika mlangoni leo, miguu ilikataa."

"Kwa hiyo ukaona heri watu wa nyumba tano walale njiani?"

"Sikufikiria mbali hivyo. Nilitaka dakika kumi tu. Halafu kumi nyingine."

Jamani! Mtu anaona ni afadhali aharibu siku ya familia tano kuliko kuomba jambo moja dogo. Na Janice akafungua kinywa amwambie hivyo hivyo, halafu maneno yakamgeukia mwenyewe.

"Mume wangu yuko kwenye gari pale nje," akasema. "Ana kiharusi. Amekaa humo tangu saa nne na nusu. Hajatoka nje miezi minane, na mimi nimenunua nyumba yako kwa ajili ya mlango huu hapa. Huu."

Mzee akapauka. "Tangu saa nne na nusu? Kwenye baridi hii? Mama wee, kwa nini hukusema?"

"Sikutaka kukusumbua."

Janice ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kikavutana na machozi, na mzee naye akashika ukingo wa sinki, mabega yakitikisika.

"Sisi ni wapumbavu wawili," Janice akasema, akipangusa pua. "Haya, niombe."

"Nini?"

"Niombe. Sema kwa maneno."

Mzee akajiweka sawa kama mtu aliye mbele ya hakimu. "Bi Peckover, naomba unitunzie Percy."

"Nitamtunza. Na Machi uje umwamshe mwenyewe, maana mimi sijui hata nimshike wapi. Uje na Jumapili nyingine zozote, usisubiri kualikwa."

"Nitakuja," mzee akasema, akalia waziwazi bila kujificha, mbele ya Kev aliyekuwa ameingia kuuliza kama wafukue na upande wa jirani.

"Amepatikana, Kev," Janice akamwambia.

"Wapi?"

"Kwenye friji."

Kev akatazama friji, akamtazama mzee, akatazama magoti ya suruali yake. "Mzee wewe," akasema pole pole, "una bahati nakupenda."

Saa saba kasoro dakika tisa Janice akapiga simu: nyumba iko tupu. Saa saba kasoro dakika mbili mwanasheria akarudisha jibu kwamba fedha zimepita, zote, kwa nyumba zote tano. Mzee Tapsell akampa Janice funguo, akapitia kwenye gari, akamshika Ray mkono, akaondoka kwenye teksi pasipo kugeuka nyuma.

Kev na kijana wake mmoja wakasogea garini, wamekunja mikono ya mashati tayari kubeba. Ray akainua mkono wake mzima kuwakataza. Akataka aletewe fremu yake ya chuma, ile anayoishikilia akitembea mahali tambarare. Akapita njia ya vigae, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika, akaingia kwa mlango wa mbele, akavuka jikoni bila hata kutazama kabati, akaupita ule mlango wa nyuma na kutokea kwenye majani. Manyunyu yalikuwa yameanza. Janice alishika mwavuli kumfuata, kisha akauweka chini.

Ray akasimama katikati ya bustani, peke yake, akauelekeza uso juu ukalowa wote.

"Janice," akaita. "Nimetoka."

"Nakuona, mpenzi. Umetoka."

Janice akaegemea mlango, akashusha pumzi aliyoibana tangu Februari, akalia kwa sauti kubwa huku wapakiaji wakipita na meza mkononi, na safari hii hakumwomba mtu yeyote radhi.