Tumbo la Ukuta

Shangazi hakuweza kukaa. Alimimina chai, akaiacha ipoe mezani, akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imeanza tangu asubuhi, si ya kishindo, ni ile ya taratibu inayonyesha kama mtu asiye na pa kwenda. Ndiyo aliyoiogopa.

"Dada, utachimba handaki hapo mlangoni," alisema mdogo wake, ambaye watu walimwita Nadhifu kwa sababu hata jembe alilipangusa kwa kitambaa.

Mlima wao ulikatwa matuta tangu enzi za mababu, kila tuta likishikiliwa na ukuta wa mawe matupu, jiwe limekalia jiwe mwenzake, hakuna udongo wala chokaa. Ukuta wao ulikuwa wa chini kabisa, nyuma ya jiko. Shangazi alikuwa kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi jana akakuta Nadhifu ameziba kila mwanya kwa saruji, akalainisha kwa mwiko mpaka ukang'aa. Watu wa mambo ya kale walikuwa wanakuja kuamua kama mlima utahifadhiwa, naye alitaka waukute umependeza.

"Maji yatapita wapi?" Shangazi aliuliza tena.

"Yatajua yenyewe. Kunywa chai."

Hakunywa. Alijitanda mtandio, akatoka, akabandika kiganja ukutani. Ulikuwa hautoi hata tone, na katikati umeota tumbo ambalo asubuhi halikuwapo. Akarudi ndani, moja kwa moja hadi uvunguni, akavuta mtalimbo wa marehemu baba yao.

"Dada, wageni wanakuja kesho."

"Watufukue jikoni?"

"Nimeumia mgongo kwa kazi ile."

"Pole. Hamisha kuni."

Alianza pembeni, chini, ambako ukuta ulikuwa bado wima, akichokonoa saruji vipande vipande. Nadhifu alisimama mlangoni amekunja mikono, uso umemvimba. Mara jiwe dogo likachomoka, na maji ya rangi ya matope yakampiga Shangazi magotini kama yaliyokuwa yakimsubiri.

Nadhifu alikunjua mikono. Alichukua nyundo, akaenda upande wa pili.

Walitoboa huku na huku, lakini tumbo halikupungua. Ikabidi walibomoe lenyewe, kuanzia juu, jiwe kwa jiwe, mmoja akitoa, mwingine akipokea, wakikatazana kusimama mbele yake. Mwishowe tope la shamba likateleza uani kupitia pengo pana kama mlango, likafika kizingiti cha jiko, likatulia. Ukuta uliobaki ukasimama, ukichuruzika kila mahali walipotoboa.

Kesho yake ofisa alifika na viatu vizuri. Alitazama pengo, akatazama mabonge ya saruji.

"Nani ameharibu ukuta huu?"

"Mimi," Nadhifu alijibu, akikwangua kucha zake. "Dada ameubomoa tu."

Ofisa alitafakari jibu hilo. Akasema leo hawezi kuamua chochote. Atarudi ukishajengwa upya, kwa mawe matupu.

"Itachukua muda gani, mama?"

Wingu jingine lilikuwa limeshakaa mlimani. Shangazi, amekumbatia jiwe kifuani, alimwomba asogee kidogo, amesimama njiani.