Mashine Elfu za Mwanaesha

Mwanaesha alibonyeza kitufe, akashika mashavu kwa mikono miwili.

"Kavumbi, njoo uone! Zinaingia!"

Kavumbi, mwenzake katika masomo ya uzamivu wa fizikia, alivuta kiti. Kwenye skrini kompyuta zilikuwa zikijiunga na kazi yao: mia, mia tatu, elfu. Hakuna hata moja iliyokuwa Mombasa. Zilikuwa katika majumba ya mbali, zikikodishwa kupitia intaneti. Ndizo watu waitazo wingu.

Wawili hao walikuwa katika kundi la wanasayansi wa nchi nyingi wanaosaka nutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu. Vigunduzi vilivyozamishwa baharini, mbali na Kenya, vilikuwa vimekusanya vipimo kwa miaka. Mwanaesha aliamini kwamba baadhi ya chembe hizo zilitoka katika galaksi moja. Kompyuta ya maabara yao hapo Buxton, Mombasa, ingemaliza mwaka ikichambua, na mkutano wa kundi ulikuwa Jumatatu.

Adhuhuri umeme ukakatika.

"Tumekwisha!" Mwanaesha akaruka.

Kavumbi akacheka. "Huko ziliko hazijui hata kama feni yetu imezima. Chukua simu, twende tukapunge upepo."

Walikaa ufukweni Mama Ngina na mihogo ya kuchoma, ila Mwanaesha hakuonja. Simu ilionyesha kazi imefika asilimia sitini. Sabini. Ghafla mashine zikaanza kupungua: mia tisa, mia nne, kisha hakuna.

"Wamezitwaa," alisema. Walikodi zile za bei nafuu, ambazo mwenye nazo huzichukua mteja mwingine akizitaka.

"Na kazi yetu je?"

"Niliziagiza zihifadhi kila hatua. Kama niliandika sawa..."

Hakumaliza. Aliomba mashine za eneo jingine. Wakangoja. Kisha skrini ikaandika: asilimia sabini na moja.

"Haikurudi sufuri! Kavumbi, haikurudi!"

Muuza mihogo akageuka. "Umeshinda nini, mwanangu?"

"Bado, mama! Karibu!"

Alasiri ramani ya anga ikafunguka kwenye simu. Ilikuwa na giza kote, isipokuwa doa moja lililong'aa pale pale alipotarajia.

"Isije ikawa bahati tu," Kavumbi akanong'ona.

"Ndiyo maana tunairudia kwa njia nyingine. Sasa hivi!"

Wakairudia. Doa halikuondoka.

Jumatatu, Mwanaesha alizungumza na mkutano kwa intaneti akiwa chumbani kwao, Mji wa Kale. Alipomaliza, mwanamke wa chuo kingine, aliyechambua vipimo vile vile kwa programu yake mwenyewe, akafungua kipaza sauti.

"Nasi tumeliona," alisema. "Hapo hapo."

Mwanaesha alitoka mbio hadi sebuleni, akamkumbatia mamake nusura amwangushe.

"Galaksi yenyewe i wapi?" mama akauliza. "Nionyeshe."

"Haionekani mchana, Mama."

"Si neno. Nionyeshe upande tu."

Wakapanda darini, juu ya nyumba. Mwanaesha, akicheka huku machozi yakimtoka, akanyoosha mkono juu ya mapaa ya mabati.