Neno Lililotaka Kula Ng'ombe Watatu

Donatus alirudi Nyasubi kutoka sekondari ya Tabora na kamusi moja ya Kiingereza na mdomo usio na breki. Alimtangazia kila mwenye masikio kwamba kamusi ile ameisoma jalada hadi jalada, na kwamba neno la Kiingereza la kumshinda yeye halijazaliwa bado; siku likizaliwa, litaanza kwa kumpa shikamoo.

Likazaliwa wiki ya tatu, bila shikamoo.

Ilikuwa mwaka 1952. Tarishi alimletea Mbuke, shangazi yake Donatus, barua yenye mhuri wa boma, akasema zile za Kiswahili zimemwishia njiani, akapanda baiskeli yake. Mbuke alikuwa mjane mwenye ng'ombe tisa, na wanane kati yao walikuwa mahari ya mwanawe Herman, ya kupelekwa mwezi ule ule. Akampa Donatus barua kwa mikono miwili, kama anayepokezana mtoto mchanga.

Donatus alianza vizuri. Bwana mifugo anasema malisho yamekwisha, na wenye ng'ombe, ambao sasa wana kitu fulani, wapeleke watatu watatu mnadani Ijumaa. Kitu fulani chenyewe kiliandikwa *exhorted*, nacho kilimkodolea macho. Hakuwahi kukiona. Kusema "sijui" mbele ya Paskalia, binti wa shangazi, anayemcheka hata akijikwaa, hakuweza. Akautazama mhuri. Tangu azaliwe hajaona karatasi ya mhuri ikimwomba mtu jambo. Mhuri ulisema matuta, watu wakalima matuta. Mhuri ulisema kodi, watu wakatoa kodi. Basi.

"Umeamriwa, shangazi," akasema. "Ukikaidi, jela."

Mbuke hakulia. Aliuliza tu kama jela imeandikwa. Donatus akamjibu kwamba imo ndani ya lile neno refu, imejikunja.

Ijumaa asubuhi wakawaswaga ng'ombe watatu, Donatus na Paskalia nyuma, Mbuke mbele, harusi ya mwanawe ikimponyoka kwa kila hatua. Njiani wakakuta watu wanalima kwa mtindo wa bugobogobo, safu nzima ya majembe ikipanda na kushuka kwa ngoma. Mwalimu Selestine, katekista aliyewahi kukaa seminari miaka sita, alikuwa safuni. Alipoambiwa safari ni ya nini, akaomba barua, akaisoma akiegemea jembe, halafu akauliza nani aliyemwamuru Mama Paskalia.

Macho yote yakamgeukia Donatus.

Katekista akaeleza taratibu. Neno limetoka kwenye Kilatini, *hortari*, kuhimiza. Wakaliongezea kipande mbele ili kulikazia, likawa kuhimiza kwa nguvu zote za maneno. Kisha akamwonyesha Mbuke mpiga ngoma.

"Yule anakulazimisha kulima?"

"Hapana, Mwalimu. Ananipandisha mori tu. Nikichoka, nakaa."

"Basi bwana mifugo naye anakupigia ngoma. Kaa."

Mbuke akakaa kweli, pale pale kwenye majani, miguu mbele, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Ng'ombe wakaanza kula kando ya njia kana kwamba nao wameelewa Kilatini. Wakageuzwa, na kurudi kulikuwa kwepesi. Mbuke alihesabu tena na tena, hawa watatu na sita wa zizini, tisa, akitaja jina la mkwe wake Bernadina kila mara.

Donatus, aliyefurahi kuliko wote kwa sababu zake mwenyewe, alikohoa. Akasema wasimlaumu, neno lile ni la kizamani mno. Kamusi yake ameisoma ukurasa kwa ukurasa na humo halimo.

"Halimo kweli," alisema Paskalia, akimsukuma ng'ombe wa mwisho kwa fimbo. "Nilikuwa nyuma ya ghala Jumapili ile uliyofika, nikakuona unaichana kurasa za kusokotea tumbaku. Herufi E uliivuta yote, kaka."