Nyundo Katika Maji ya Vibua

Shemsa anasinzia na hedifoni masikioni, saa saba mchana, kalamu mkononi, feni ya kituo cha utafiti ikizunguka juu yake bila kupunguza joto hata chembe. Mbele yake kuna ripoti inayosubiri sahihi yake, na kikombe cha chai kilichopoa. Dakta Mlawa, mkuu wa kituo, ameshapita mara mbili, na mara ya pili amesimama mlangoni akasema, Binti yangu, wajenzi wa gati wanaingoja, wakiipata tu wanaanza kugonga nguzo zao. Shemsa ameitikia kwa kichwa, kwa maana ndivyo alivyo, mtu wa kuitikia kwa kichwa. Kinachomkwamisha ni kitu kimoja. Wiki iliyopita nyundo kubwa ya nguzo ilijaribiwa kwa nusu saa, na kamera iliyo ndani ya kizimba cha vibua ikaona kundi zima, samaki mia tatu waliozoea kugeuka kama mwili mmoja, likifumuka kama mkeka uliooza. Lakini maikrofoni ya majini inasema maji yalikuwa shwari. Amesikiliza mara kumi, shwari tupu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeisafisha sauti hiyo, akakata kila kilicho kizito, kwa sababu injini ya boti lao la kupimia ilikuwa ikinguruma humo na kumuumiza kichwa. Andika vibua wamegombana nyumbani, anasema Faki, mwenzake wa meza ya pili, bila kuinua uso. Mke kanuna, mume kahama kizimba. Tia sahihi, dada, tukale. Shemsa anacheka kidogo, anaandika kwamba sababu haijulikani, anafumba macho ili asikilize vizuri mara ya kumi na moja.

Na yale maji shwari yanampanda mpaka shingoni, mpaka kwenye kope, na anapotazama tena mlango wa ofisi ni wavu, na wavu una tundu, na nje ya tundu kuna barabara. Anapita. Barabara inakwenda ikijikunja, na kila inapojikunja mji mzima unahama, maduka ya kushoto yako kulia, na kuta zote ni vioo, na ndani ya vioo kuna mji mwingine unaotembea kinyume. Watu ni wengi, nao hawana nyuso. Mahali pa uso pana ngozi laini inayong'aa kama ubavu wa samaki. Wala nyuso hawazihitaji, kwani wanatembea bega kwa bega, na wakifika njia panda wanageuka wote mara moja, hakuna anayemkumba mwenziwe, hakuna anayesema twende huku. Shemsa anaingia katikati yao na kushangaa kwamba ubavu wake unajua. Aliye kushoto akivuta pumzi, yeye anahisi, aliye kulia akipunguza mwendo, mguu wake unapungua wenyewe. Hajawahi kuwa kati ya watu bila haya, na sasa hana haya hata kidogo.

Kushoto kwake kuna mwanamke wa kanga ya kijani iliyochakaa pindoni, na Shemsa analijua bega hilo. Ni mama yake, Bi Mwanahawa, aliyezikwa miaka miwili iliyopita. Mnadani, siku za Jumamosi, Bi Mwanahawa hakuweza kumshika mtoto mkono, maana mikono yote miwili ilikuwa na vikapu. Fuata bega langu, alikuwa akimwambia, na ukinipotea simama hapo hapo, mimi ndiye nitakayekuja. Umekonda, anasema mama sasa, bila mdomo. Huko kazini hawali? Wanakula, mama, mimi ndiye ninayesahau. Unasahau kula, unasahau kusema, bado unaitikia kwa kichwa tu? Shemsa anaitikia kwa kichwa. Mama anacheka, na kicheko chake kinapita bega kwa bega mpaka barabara yote inatetemeka kwa kucheka, hata wale wa mbali wasiojua kilichosemwa.

Mbele yao anatembea mtu mmoja kinyumenyume, amevaa tai, uso hana, naye ni kiongozi wa njia. Tunakwenda wapi, Shemsa anamuuliza. Tunakwenda tunakogeukia, anajibu. Na kile kivuli kule nyuma ya vioo ni cha nani? Ni cha mwenye njaa. Haoni mtu anayejua habari zake, anawaona wasiojua tu. Shemsa haelewi, ila kabla hajauliza tena kivuli kinasogea, kipana kama paa la msikiti, na mtu aliye pembeni kabisa mwa umati anashtuka. Mshtuko wake unakimbia bega hadi bega, unamfikia Shemsa na kumpita, na watu wote wamekwishageuka. Kivuli kinapita pale walipokuwa, mdomo mtupu. Umeona, anasema kiongozi.

Halafu nyundo inapiga. Haiji kwa masikio, inaingia kwa mbavu, kutoka chini, na ikishapita ubavu wa Shemsa haujui kitu tena, umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Watu wanakumbana. Wengine wanapinda kulia, wengine kushoto, wengine wanajibana fungu moja na kuteremka kwenye mitaa ya chini isiyo na mwanga, na mmoja anazunguka peke yake mbele ya kioo akidhani sura yake ni wenzake. Inapiga tena. Kivuli kinarudi, wa pembeni anashtuka, na mshtuko unafika kwa mtu wa pili, unafika kwa mtu wa tatu, unafia hapo. Wa pembeni hayupo. Mama, sikuhisi, analia Shemsa, silihisi bega lako. Niko hapa, anasema mama, lakini anasema akielekea upande mwingine. Inapiga mara ya tatu, mji unahama, na kushoto kwa Shemsa pana upepo mtupu.

Anaita. Mdomo wake unatoa sauti nyembamba kama ya mbu, uzito wote umenyofolewa, na hakuna hata mmoja anayegeuka. Anamkimbilia kiongozi wa njia na kumkamata tai. Isimamishe nyundo! Nyundo ipi, anasema kiongozi, hapa ni shwari, imeandikwa, na anamfunulia karatasi. Nani kaandika? Mwenye masikio mazuri. Na sauti nzito ziko wapi? Alizitupa aliyeumwa na kichwa. Na ninyi mnasikia nini, anauliza Shemsa, ingawa jibu limeshaanza kumpanda kooni. Tunasikia alichokitupa, anasema kiongozi. Ndicho tu tunachosikia. Nyuma yake, ndani ya kioo, kanga ya kijani inatembea kinyume, polepole, bega la kulia limenyooshwa kumtafuta mtoto, inaelekea kwenye kivuli. Shemsa anakipiga kioo kwa viganja vyote viwili. Nyundo inapiga mara ya nne, na kioo kinabaki na mtaa tu.

Anaamka paji la uso wake likiwa juu ya ripoti. Anaifungua sauti ya kwanza, ile ambayo hakuisafisha, na kurudisha kila alichokikata. Hedifoni hazimpi kitu, lakini kwenye skrini mstari unaruka juu kama jino la msumeno, unatulia, unaruka tena. Dakta Mlawa yuko mlangoni. Shemsa anasimama. Hapana, Dakta, anasema, kwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia kwake. Kosa ni langu. Nilikata sauti nzito, na vibua wanasikia hizo hizo nzito. Wasigonge! Waambie wasigonge, wale samaki hawataweza kuhisiana tena.

Dakta na Faki wanatazamana. Wasigonge vipi, Shemsa, anasema Faki, na safari hii hana mzaha. Ulitia sahihi saa saba na nusu, mimi mwenyewe nikapeleka nakala. Shemsa anatazama chini, na sahihi ipo, imelala kidogo upande kama ya mtu anayesinzia, mkono ni wake. Wamegonga kwa nusu saa sasa, anasema Dakta taratibu, madirisha yote yanatikisika. Binti yangu, kwani wewe husikii?

Anavua hedifoni. Kuna mluzi mwembamba wa feni, na chini ya mluzi hakuna kitu. Ndani ya kikombe chai inajikunja duara kwa duara, inatulia, inajikunja. Midomo ya Faki bado inasema, kwa mbali, kama mbu, na mwanga wa dirishani umempiga usoni mpaka pote pameng'aa. Shemsa anasimama hapo hapo alipo, kama alivyofundishwa, bega la kushoto amelisogeza nje kidogo, anangoja liguswe.